Jino Lililozibwa Lina Kazi Bado

Askari wa vikosi vya mpakani, kuanzia Malaba hadi Busia, anapoumwa na jino, jambo la kwanza analoliomba ni ruhusa ya siku moja. Akiipata hupanda boda boda, chombo ambacho jina lake lilizaliwa hapa hapa Busia kutokana na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu mpakani, akaenda hospitali, jino likang'olewa, na kesho yake yuko zamu. Wakubwa wake huridhika, naye huridhika, kwa kuwa maumivu yamekwisha. Hakuna anayeuliza jino lile lilikuwa likishika nini, wala meno yatakayofuata yataegemea wapi.

Tunasema kwamba desturi hii imetugharimu vya kutosha. Tunasema pia kwamba jino lililooza likazibwa vizuri, au lililosafishwa mzizi wake na kuvikwa kofia, halijamaliza utumishi wake. Jino la namna hiyo laweza kulibeba na kulishika bamba la meno ya bandia kwa miaka mingi, na mwenye bamba hilo akala chakula chake kama mtu mzima. Ila katika kambi na vituo vyetu, anayeamua kama jino hilo litaokolewa au litatupwa mara nyingi si daktari. Anayeamua ni karatasi ya ruhusa.

Tumemjua konstebo mmoja aliyekuwa akifanya kazi Malaba, penye msururu wa malori usiokwisha. Upande wa kushoto wa taya yake ya chini alikuwa amepoteza magego mawili tangu ujanani, na nyuma ya pengo hilo lilibaki gego moja la mwisho, lililokuwa limezibwa zamani. Mzibo ulipovunjika (kwa sababu ya jiwe katika maharage, na nani kati yetu asiyeyajua mawe ya maharage?) gego likaanza kuuma. Rafiki zake wakamshauri aling'oe, kwa hoja kwamba jino lililokwisha kuzibwa litaoza tu. Akaling'oa. Miezi michache baadaye alitaka kutengenezewa meno ya bandia upande ule, akatengenezewa kweli, lakini kila alipotafuna bamba lilididimia nyuma na kuinuka mbele. Ufizi ukachubuka. Hatimaye bamba lake likawa ni la kukaa mfuko wa shati, akilivaa anapopigwa picha tu.

Kosa halikuwa la bamba, na sababu yake ni rahisi kueleweka. Kwa mtu aliyebakiwa na baadhi ya meno yake, meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hutengenezwa kwa namna mbili zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni bamba la plastiki ya rangi ya ufizi, lenye vikulabu vya waya wa chuma kisichoshika kutu. Hiyo ndiyo yenye bei nafuu, na ndiyo iliyomo vinywani mwa wengi. Ya pili ni kiunzi chembamba cha madini, mchanganyiko wa kobalti na kromi, ambacho meno na plastiki hushikizwa juu yake. Watu wengi hudhani kwamba bamba hushikwa na ufizi, kama mguu unavyokishika kiatu. La hasha. Katika taya ya chini hasa, ufizi peke yake hushika kidogo sana. Meno yaliyobaki ndiyo yanayoshika.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Juu ya gego lililo jirani ya pengo daktari huchonga kijishimo kidogo, na kidole kifupi cha madini kinachotoka katika kiunzi hulala ndani yake. Askari anapotafuna, sehemu kubwa ya uzito hupitia kwenye kidole hicho, ikashuka katika gego na mzizi wake hadi mfupani, badala ya kuuponda ufizi. Kulabu nayo hulikumbatia jino, na ncha yake hujificha chini ya tumbo la jino, pale linapobonyea, kama kamba inavyofungwa chini ya tumbo la mtungi ili usichopoke. Bamba lenye jino mbele na jino nyuma ni kama hema lililofungwa vigingi pande zote. Bamba la yule konstebo lilikuwa hema la kigingi kimoja.

Mwaka 1925 daktari Mmarekani, Edward Kennedy, aliyapanga mapengo ya meno katika makundi manne, na mpango wake unatumika mpaka leo. Makundi mawili ya kwanza ni yale ya mapengo yasiyo na jino nyuma yake, pande zote mbili au upande mmoja. Kila fundi wa meno anajua kwamba mapengo hayo ndiyo magumu kuyatengenezea bamba lililotulia. Jambo la kusikitisha ni kwamba sisi wenyewe huyaumba. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, tena huwa katika mstari wa mbele wa kuoza. Likishang'olewa, yale ya nyuma yake huinama kuelekea pengo, chakula hunasa, nayo huoza kwa zamu yake. Tukiendelea kung'oa tunafika mahali ambapo taya ya nyuma ni tupu. Tena mfupa uliokuwa ukilishika jino hupungua baada ya jino kutoka, na hupungua kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza. Ufizi hushuka pamoja nao, hivyo bamba lililokaa vizuri mwaka huu laweza kupwaya mwakani.

Sasa linganisheni na habari ya sajini mmoja wa Tororo. Yeye pia alikuwa na gego la mwisho lililooza hadi karibu na mshipa, na mbele yake pengo. Alimpata daktari aliyemwambia maneno machache: jino hili ni baya, lakini ndilo ulilo nalo huko nyuma. Mzizi ukasafishwa na kujazwa, jino likajengwa upya, kisha likavikwa kofia ya madini ambayo juu yake kilikuwa kimetengenezwa tangu mwanzo kijishimo cha kupokea kidole cha bamba. Alikwenda hospitali mara saba. Mara ya tano alikaribia kukata tamaa, kwa sababu mkuu wake alimwuliza mbele ya wenzake kama anatengenezewa jino au anajengewa nyumba. Alipelekwa Somalia baadaye, akarudi, na bamba lake limo kinywani, si mfukoni.

Tusije tukaeleweka vibaya. Si kila jino lililotengenezwa linaweza kuwa nguzo. Jino linalotikisika kwa sababu mfupa wake umekwisha, jino ambalo mzizi wake umepasuka, au lililooza hadi chini kabisa ya ufizi, hayo yang'olewe bila huruma. Hata jino lililosafishwa mzizi likafanikiwa halilingani na jino zima. Limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake, laweza kupasuka, na likiwekewa bamba lenye pengo lisilo na mwisho nyuma yake hupata misukosuko mingi zaidi. Daktari mwangalifu hulipiga picha ya eksirei, akaupima urefu wa mzizi uliomo ndani ya mfupa, akatazama kama kumebaki ukuta wa kutosha wa jino juu ya ufizi wa kuikamata kofia, ndipo akatoa hukumu. Tunachopinga sisi ni hukumu inayotolewa kabla ya picha, kwa neno moja tu kwamba jino "limeshazibwa".

Kuna mengine ambayo huhitaji kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Jino lenye mzibo mdogo uliokaa imara laweza kubeba kidole cha bamba bila kuvikwa kofia, ingawa kijishimo hakitakiwi kuishia pembeni mwa mzibo, mahali panapovunjika upesi. Chonge, ambalo kwa maumbile lina mzizi mrefu kuliko meno mengine, mara nyingi halina tumbo la kutosha kushika kulabu. Hapo daktari huongeza dawa ngumu ya rangi ya jino ubavuni mwake, akalitengenezea tumbo. Na hata mzizi mtupu uliobaki baada ya kichwa cha jino kuvunjika una faida. Ukiwa mzima waweza kusafishwa, kufunikwa na kuachwa chini ya bamba, ukausaidia mfupa usishuke haraka na ukalibeba bamba kwa chini.

Lipo kosa moja linalowapata hata wale wenye fedha na wenye subira, nalo ni la kupanga kazi kinyume. Mtu hutengenezewa kofia nzuri, laini pande zote, ikang'arishwa, akafurahi. Mwaka unaofuata hutaka bamba. Kofia haina kijishimo, haina tumbo, na kulabu huteleza juu yake kama mkono juu ya chupa yenye mafuta. Yabidi kofia mpya ikwaruzwe au itupwe. Ingekuwa heri bamba lichorwe kwanza, ndipo kofia itengenezwe kulifuata. Kwa hiyo askari mwenye pengo, hata kama siku hiyo amekwenda kwa ajili ya jino moja tu, amwambie daktari mapema kwamba siku za mbele anatazamia kuvaa bamba. Neno hilo halilipiwi.

Yafaa pia tuikumbuke ardhi tunayoilinda. Jirani yetu upande wa Kenya, Wajaluo walikuwa na mila ya kung'oa meno sita ya mbele ya taya ya chini, na wazee wengi walibeba alama hiyo hadi kufa. Inasimuliwa kwamba pengo lile lilisaidia kumlisha mgonjwa ambaye taya zake zimekazana. Wanuer na Wadinka wa Sudani Kusini nao wana desturi inayofanana na hiyo, na baadhi ya wakimbizi wao waliohamia Marekani wamewaendea madaktari ili warudishiwe meno. Hatuisemi mila ya mtu vibaya. Tunaitaja kwa sababu mtu aliyekua akiona mapengo kwa babu zake haogopi pengo, na huenda ndiyo sababu katika sehemu hizi watu hawajadiliani sana na koleo. Lakini wazee wale walipoteza meno ya mbele wakabaki na magego yao kamili ya kutafunia. Sisi tunafanya kinyume: tunayalinda ya mbele kwa ajili ya uso, na ya kutafunia tunayatoa.

Majeshi mengine yalijifunza thamani ya jino kwa njia ya aibu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, kijana asiye na meno ya mbele aliweza kukataliwa jeshini, maana risasi za siku zile zilifungwa katika karatasi iliyopaswa kuchanwa kwa meno. Baada ya mapigano ya Waterloo mwaka 1815, meno yaling'olewa katika vinywa vya askari waliouawa, yakauzwa kwa mafundi, na matajiri wa Ulaya wakayavaa kama meno ya bandia. Waingereza nao walikwenda Afrika Kusini katika Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902, na askari wao wengi wakashindwa kutafuna biskuti ngumu za posho ya vitani. Hata hivyo walingoja mpaka mwaka 1921 ndipo wakaunda kikosi kamili cha madaktari wa meno katika jeshi lao. Tulipokuwa shule ya kadeti tulikaguliwa viatu, bunduki, kucha, na namna ya kukunja blanketi. Hatukumbuki hata siku moja tulipoamriwa kufungua kinywa.

Hivyo twarudi kwenye karatasi ya ruhusa. Kung'oa jino huchukua asubuhi moja. Kuliokoa, kulivika kofia na kulitengenezea bamba huchukua safari sita, saba, pengine nane: kuchunguza na kupiga picha, kusafisha mzizi, kulijenga jino, kuchukua kipimo cha kofia, kuivalisha, kuchukua vipimo vya bamba, kulijaribu, kulivaa, na kurudi tena pale linapochubua. Baadhi ya kazi hizo hazipatikani Busia wala Tororo kila siku, na askari huelekezwa Mbale au hata Mulago. Tunajua ugumu wa mkuu wa kituo mwenye watu wachache na lango la mpaka lisilofungwa. Akiombwa ruhusa nane na mtu mmoja kwa ajili ya jino, si ajabu akaona anachezewa. Kwa hiyo hatuwalaumu wakuu wetu. Tunawaomba walitazame jambo hili kwa hesabu nyingine. Yule konstebo wa Malaba, tangu jino lake litoke, ameomba ruhusa nne kwa ajili ya vidonda vya ufizi, mbili kwa ajili ya kulipeleka bamba kwa fundi, na mbili kwa tumbo, ambalo yeye mwenyewe analaumu chakula kisichotafunwa. Hizo ni nane, na jino hana.

Tungependekeza kwanza kwamba mtu aliyeanza kutengenezewa jino apewe karatasi moja yenye tarehe zote za daktari, itiwe saini mara moja, ili asipige magoti kila wiki. La pili ni uhamisho. Tumewaona askari waliohamishwa kutoka Busia kwenda Karamoja huku mzizi wa jino umefunguliwa na kuzibwa kwa dawa ya muda tu. Dawa ya muda ni ya muda kweli. Ikikaa miezi, huvuja, jino huoza kwa ndani, na lile lililotazamiwa kuwa nguzo huishia kwenye ndoo. Akiwa hana budi kuhama, apewe nakala ya kadi yake na picha yake ya eksirei aende nazo, daktari wa huko aendelee pale mwenzake alipoachia. Na kwa wale wanaoandaliwa kwenda nchi za nje, kinywa kikaguliwe miezi kadhaa kabla ya safari. Tangu vikosi vyetu vilipoingia Mogadishu mwezi Machi 2007 tumejifunza mengi kuhusu kumtayarisha mtu kwa safari ndefu. Kuangalia meno wiki ya mwisho ni sawa na kuamuru yang'olewe, kwa sababu wiki moja haitoshi kufanya jambo lingine.

Neno kwa wale waliokwisha kuvaa mabamba. Jino lililozibwa au kuvikwa kofia likishikwa na kulabu hukusanya utando wa chakula kuliko jino lililo peke yake, na pale kofia inapokutana na jino ndipo uozo huanzia. Vueni bamba usiku, msugueni jino lile kwa mswaki pande zote, na bamba lenyewe lisafishwe kwa sabuni na maji ya baridi, wala lisichemshwe, maana plastiki hupinda. Msilale nalo lindoni au garini. Bamba dogo lenye kulabu laweza kumezwa usingizini, na plastiki yake kwa kawaida haionekani katika eksirei. Daktari huona waya tu, tena kama upo. Wapo mafundi wasio na idhini, upande huu wa mpaka na ule, wanaotengeneza bamba kwa siku moja bila kuuliza hali ya meno yaliyobaki, na wengine hulifunga kwa waya au gundi lisivuliwe kabisa. Bamba la namna hiyo hulioza jino linaloishika, na mwenye nalo hajui mpaka jino limekwisha.

Kuna jambo jingine dogo ambalo fundi yeyote wa halali anaweza kulifanya: kuandika namba ya askari ndani ya plastiki ya bamba kabla haijakauka. Katika ajali ya moto au mlipuko, bamba lenye namba limewahi kusaidia katika nchi mbalimbali kumtambua mtu ambaye uso wake haukuweza kutambulika. Ombeni liandikwe.

Yule konstebo sasa ana uvimbe upande wa kulia. Huko ana gego moja la nyuma, limezibwa, na mzibo umepata ufa. Safari hii amekwenda na kadi, akamwambia daktari habari ya bamba la mfukoni, na picha imepigwa. Mzizi ni mzima. Ameandikiwa tarehe sita, na karatasi yake iko mezani kwa mkuu wake tangu Jumatatu, ikingoja saini.